Mwimo wa Mlango wa Kinu

Kwetu Drumavally, maji kufika shingoni
si msemo. Ni kipimo.
Nenda kinuni, utazame mwimo wa kushoto,
mti wa mwaloni, mweusi kama chai ya shangazi Attracta:
utaona chale, moja juu ya nyingine,
za kisu, za patasi, moja ya msumari,
na moja iliyochimbwa kwa hasira, labda kwa kijiko.

Mto Glashawee ni mwembamba.
Mgeni huuvuka bila kukanyaga breki:
daraja la matao matatu, kanisa,
baa ya Mulqueen, basi, Drumavally imekwisha.
Lakini mvua ikishika siku tisa milimani
mto huja wenyewe, haupigi hodi,
hukalia viti vyetu, hufungua makabati,
huondoka na viatu vya watu.

Chale ya juu kabisa imenipita kimo.
Ni ya usiku ule nguruwe wa Clohessy
alipokutwa hai kwenye roshani ya kwaya,
na kasisi akamwacha hadi asubuhi;
alisema hajapata kuona muumini
aliyetulia namna ile.

Chini yake kuna chale saba, zimebanana.
Hizo hazichekeshi.
Ni za miaka ya viazi kuoza ardhini,
watu walipokuja kinuni kuomba pumba, pumba tu,
na mlango haukufunguliwa.
Babu wa babu yangu alikuwa ndani na ufunguo.
Hili tunalisema kwa sauti ya chini,
lakini tunalisema.

Kinu kilinyamaza kabla sijazaliwa.
Gurudumu likaota kuvu, kisha ndege,
kisha vijana wa kupigana busu.
Mwaka huu kimenunuliwa, kitakuwa nyumba za vioo,
na mafundi wangeanza Jumatatu na msumeno.

Jumapili usiku tulikuwa kumi na mmoja.
Colman Keaveney, miaka themanini na moja,
alishika tochi, akaimulika kila mahali
isipokuwa pale tulipokuwa tunang'oa.
Wiesława wa duka la mikate alileta mtaimbo,
na mikate pia, kwa kuwa, alisema,
huko kwao wizi hauanzwi na njaa.
Mwimo ulilia mara moja, ukatoka.
Tuliusukuma kwa toroli ya mboji hadi ukumbini,
gurudumu likipiga kelele njia nzima,
na kila taa iliyowaka dirishani
ilizimwa tena kwa adabu.

Ndipo, chini ya balbu, Dymphna alipovaa miwani,
akapiga magoti kwenye chale za chini, zile ndogo,
ambazo shuleni tulifundishwa ni mafuriko madogo.
Akapitisha kidole. Akakaa kimya.
"Hii si maji," akasema. "Hii ni Fintan."
Kaka yake, siku alipotimiza miaka sita.
Na hii Nuala. Na hawa pacha wa Lacy,
mmoja kampita mwenzake kwa unene wa ukucha.
Liverpool. Boston. Liverpool. Hajulikani.

Tukajaribu kuzitenga: hii mto, hii mtoto.
Haikuwezekana.
Mkono uliochora ulikuwa ule ule,
kisu kile kile, na aliyechora alijua
kwamba vyote viwili hupanda ghafla
ukiwa umegeuka kuangalia jiko,
na vyote viwili huelekea baharini.

Hatukuwa na la kusema. Colman akazima tochi,
iliyokuwa ikiwaka bure muda wote.
Wiesława akamwita mwanawe, Kacper,
aliyekuwa amelala juu ya makoti.
Akamsimamisha, visigino mbaoni, nywele zimevurugika.
Kisu kikapita mkono kwa mkono
mpaka kikanifikia mimi,
kitukuu wa mwenye ufunguo.

Nilikata taratibu.
Nje ilikuwa siku ya sita ya mvua.